Kinanda cha umeme kilipita juu ya vichwa vyetu

Siku hizi tumesoma hapa makala mbili tatu juu ya rumba, na zote zinaimba sifa za gitaa. Sina ubishi na gitaa. Lakini kuna chombo kimoja ambacho hakuna mtu anakitaja: kinanda cha umeme, kile kikubwa cha zamani, baba ya hivi vidogo tunavyoita sinte. Swali langu ni la historia. Kinanda hicho kilijaza makanisa ya Marekani, kikaingia hoteli za Addis Ababa na harusi za Mombasa. Juu ya nini hakikupata kiti katika muziki wetu wa Katanga, sisi ambao tulikuwa na umeme wa mayi tangu 1930?

Wengi wanajibu haraka: haikuwa utamaduni wetu. Mimi nilisoma agronomia, na jibu la namna hiyo linanipa mashaka. Mbegu ikikataa kuota, hauanzi kuuliza kama inapenda desturi za shamba. Unaangalia udongo, unaangalia mayi, unaangalia nani anashika mfereji.

Basi tuanze na mayi, juu hayo nayajua kuliko muziki. Baraje ya Mwadingusha ilijengwa na Union Minière du Haut-Katanga kwenye mto Lufira, pale penye maporomoko ambayo Wabeljiki waliyaita Chutes Cornet. Santrali ilianza kazi mwaka 1930, ikapewa jina la Francqui. Mto ulifungwa, bonde likafunikwa, tukapata ziwa Tshangalele ambalo mpaka leo linatulisha samaki. Umeme wenyewe ulikuwa na kazi moja kubwa: kusafisha shaba katika kiwanda cha Shituru, Likasi, kilichofunguliwa mwaka 1929. Shaba iliyo ndani ya asidi inataka umeme mchana na usiku, haipumziki hata siku ya Mungu. Santrali ya Koni ilifuata mwaka 1950, chini kidogo kwenye mto huuhuu, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Kambi za wafanyakazi zilipata taa. Vijiji vilivyokuwa katikati ya njia viliona nguzo zikisimama na nyaya zikipita.

Sasa tuvuke bahari. Miaka mitano tu baada ya mashine za Mwadingusha kuanza kuzunguka, mwaka 1935, kampuni moja ya Chicago ilianza kuuza kinanda kisicho na bomba hata moja la hewa. Mwenye kukibuni, Laurens Hammond, hakuwa mpiga muziki. Alikuwa mhandisi aliyekuwa akitengeneza saa za ukutani zinazotembea kwa umeme. Saa zake zilikuwa na mota ndogo inayofuata mwendo wa umeme wenyewe: umeme ukipiga mizunguko 60 kwa sekunde, kama huko Marekani, mota nayo inatembea sawasawa, haiongezi, haipunguzi. Hammond akajiuliza kama mota hiyohiyo inaweza kuzungusha kitu kitakachotoa sauti.

Kwa sisi watu wa baraje, kinachofuata ni cha kushangaza kidogo. Ukifungua kinanda cha Hammond utakuta santrali ndogo. Ndani yake kuna magurudumu 91 ya chuma, kila moja karibu na ukubwa wa sarafu, yamefungwa kwenye vyuma virefu vinavyozungushwa na mota. Ukingo wa kila gurudumu una vilima na mabonde. Mbele yake imewekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Kilima kikipita karibu na sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya. Bonde likipita, unashuka. Gurudumu lenye vilima vingi linatoa sauti ya juu, lenye vilima vichache sauti ya chini. Umeme huo ni mdogo sana, lakini ampli inaukuza na bafle inautoa nje. Mashine za Mwadingusha zinafanya kazi kwa sheria hiyohiyo: chuma kinazunguka, sumaku na waya vinakutana, umeme unazaliwa. Tofauti ni kwamba huku mayi ndiyo yanazungusha, na kule umeme uliokwisha kutengenezwa na santrali nyingine ndio unazungusha tena.

Njo hapa siri iko. Kinanda cha Hammond hakina uzi wa kukaza kama gitaa. Tyuningi yake inatoka kwa santrali. Chukua kinanda kilichotengenezwa kwa mizunguko 60, kichomeke kwenye umeme wetu wa mizunguko 50: wimbo wote unashuka zaidi kidogo ya nusu toni tatu, na muimbaji hatajua aanzie wapi. Ndiyo maana kampuni ilitengeneza vingine kwa ajili ya nchi za mizunguko 50. Na hata huko, mzigo ukizidi na mashine za santrali zikilegea mpaka mizunguko 49, kinanda kinashuka karibu theluthi moja ya nusu toni. Ni kidogo, lakini mwenye sikio anasikia, na mpiga saksofoni aliye karibu naye anakasirika. Mtu anayepiga chombo hicho anapiga pamoja na mafundi wa santrali bila kuwajua.

Kwa hiyo kinanda hiki kilihitaji umeme usiokatika, usiolegea, na pia mlango mpana. Ile modeli maarufu ya B-3, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950 na kuendelea mpaka 1974, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 190 pamoja na benchi na pedali zake, na bado sijahesabu sanduku kubwa la bafle ya Leslie, yenye tarumbeta inayozunguka ndani na kuifanya sauti itetemeke. Huko Marekani makanisa ya watu weusi yalikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi kuliko kinanda cha mabomba. Kutoka kanisani kikaenda katika jazi na Jimmy Smith mwaka 1956, kisha katika soul: "Green Onions" ya Booker T. & the M.G.'s, mwaka 1962, inasimama juu ya kinanda. Lakini angalia ni fasi gani: Philadelphia, Memphis, miji ambayo hata mtaa wa maskini ulikuwa na waya nyumbani.

Rudi Likasi, wakati ule Jadotville. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alikutana hapo na kijana wa Bunkeya, Jean Bosco Mwenda wa Bayeke, akarekodi "Masanga". Wapiga gitaa wa dunia nzima wanaisoma mpaka leo, na mwaka 1969 Mwenda alialikwa kupiga katika tamasha la Newport, Marekani. Kipande hicho ni gitaa moja kavu na vidole viwili. Hakuna waya. Mji ulikuwa unakula umeme wa mto mzima, na kazi ya muziki iliyoupeleka jina lake mbali zaidi haikutumia hata wati moja. Losta Abelo na Edouard Masengo nao walijulikana kwa gitaa hiyohiyo kavu.

Sisemi gitaa kavu ni muziki wa shida. Mwenda alifanya vidole viwili vifanye kazi ya watu watatu, na mimi ningeichagua "Masanga" mbele ya nyimbo nyingi zenye vyombo kumi. Ninachosema ni kwamba tusigeuze hesabu ya waya kuwa hesabu ya damu. Nasikia vijana wenye diploma wakisema Mkatanga "kwa asili" ni mtu wa gitaa kavu. Mkatanga alikuwa mtu wa chombo anachoweza kubeba begani, kununua kwa mshahara wa mwezi, na kupiga mahali pasipo na taa.

Léopoldville hali ilikuwa nyingine kidogo, na huko kinanda cha umeme kilifika mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Katika miaka ya 1950 nyumba za kurekodi za Wagiriki na Wabeljiki zilikuwa zinashindana. Mwaka 1953 Mbeljiki Bill Alexandre alileta gitaa ya umeme. Na katika studio ya Opika, Mbeljiki mwingine, Gilbert Warnant, alikuwa akipiga Solovox. Hiyo ilikuwa kazi nyingine ya nyumba ya Hammond: kinanda kidogo cha lampe kilichofungwa chini ya piyano, chenye kutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, kama mtu anayeimba peke yake. Mwaka 1961 akafika Manu Dibango wa Kamerun, ameletwa na Joseph Kabasele baada ya kukutana Brussels. Sisi tunamkumbuka kwa saksofoni, lakini alikuwa pia mtu wa piyano na kinanda. Aliporudi Ufaransa, ni kinanda cha Hammond kilichompa mkate: alikuwa mpiga kinanda wa Nino Ferrer kabla dunia haijamjua kwa "Soul Makossa".

Basi huko umeme ulikuwepo, wapiga walikuwepo, na bado gitaa ilishinda. Hapa nakubali kwamba umeme peke yake hauelezi yote. Kazi ya kinanda katika bendi ni kushika katikati: sauti ndefu inayolala chini ya muimbaji na kuunganisha wengine. Katika rumba yetu kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Gitaa ya rizimu, gitaa ya solo, na baadaye ile ya katikati tunayoita mi-solo, zilishonana mpaka hakukubaki tundu. Juu yake zikakaa tarumbeta na saksofoni. Shamba lenye mihogo, maharagwe na maboga kwenye mistari ileile haliombi zao la nne. Wakati Zaïko Langa Langa, waliozaliwa mwisho wa 1969, walipoacha tarumbeta, walijaza fasi hiyo kwa ngoma na gitaa, na sinte ilikuja baadaye.

Kulikokuwa na tundu, kinanda kiliingia. Lakini kwanza kilipaswa kupungua uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 transista ilichukua fasi ya magurudumu: Vox Continental ya Uingereza ilitoka mwaka 1962, Farfisa Compact ya Italia mwaka 1964. Sauti yao ilikuwa nyembamba, yenye kuchoma kidogo, na mabingwa wa Hammond waliicheka. Hata hivyo tyuningi haikutegemea tena mizunguko ya santrali, na watu wawili waliweza kukibeba na kukipandisha kwenye lori. Kwa Afrika, jambo hilo lilikuwa na maana kuliko uzuri wa sauti.

Mfano ninaoupenda uko Addis Ababa. Hailu Mergia alianza na akodioni, kisha akawa mpiga kinanda na kiongozi wa Walias Band, bendi iliyopiga Hotel Hilton. Mwaka 1977, chini ya utawala wa kijeshi wa Derg, walitoa "Tche Belew", albamu ya muziki bila maneno. Wakati huo kulikuwa na marufuku ya kutembea usiku, kwa hiyo aliyeingia kucheza dansi alifungiwa humo mpaka asubuhi, na bendi ilipaswa kupiga mpaka jua litoke. Fikiria mambo mawili hapo. Maneno ya nyimbo yalikuwa yanaangaliwa na wakubwa, na kinanda kiliweza kuimba nyimbo ambazo kila mtu anajua maneno yake, bila kuyatamka. Pili, hoteli ile ilikuwa moja ya fasi chache ambako umeme ulikuwa na uhakika usiku kucha. Bendi ilisafiri Marekani mwaka 1981, Mergia akabaki Washington, akawa dereva wa taksi, akiweka kinanda kidogo cha batri ndani ya gari na kupiga wakati anangoja abiria. Kaseti yake ya 1985 ilitolewa upya mwaka 2013 na akarudi jukwaani. Watu wanaipenda hadithi hiyo kama ya bahati. Mimi naisoma kama hadithi ya batri.

Mfano wa pili uko pwani, kwa wenye lugha hii tunayoandika. Kwanza neno lenyewe: zamani pwani "kinanda" kilikuwa chombo cha nyuzi, jamaa ya udi, kisha watu wakaliita jina hilo sanduku la santuri, piyano, na mwisho hiki cha umeme. Taarabu ilikuwa na tundu lililo tayari, juu mkono wa kushoto na wa kulia ulikuwa umekwisha zoea vibonyezo: harmoni ya Kihindi huko Mombasa, akodioni huko Unguja. Tanga, Black Star Musical Club waliweka gitaa za umeme na kinanda badala ya okestra kubwa ya mtindo wa Misri. Mombasa, kundi la Maulidi Juma lilipiga harusi baada ya harusi na kinanda kikiwa ndani. Harusi ya Waswahili inafanyika uani na barabarani, wanawake wengi, kelele nyingi. Udi hausikiki. Kinanda kinachopita kwenye bafle kinasikika mpaka mtaa wa pili.

Kulikuwa na bei ya kulipa. Nyimbo nyingi za taarabu zinatembea juu ya maqam za Kiarabu, na baadhi ya sauti za maqam zinakaa kati ya kibonyezo kimoja na kingine, fasi ambayo fidla inafika kwa kuteleza kidole. Kinanda cha zamani hakifiki. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, sinte haikukaa tena upande wa okestra, ilikalia kiti chake. Makundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre yalionyesha kwamba waimbaji hodari, gitaa na mtu mmoja au wawili wa sinte wanaweza kujaza ukumbi. Mwenye harusi alifurahi, analipa watu wachache. Mpiga fidla hakufurahi. Zanzibar, Ikhwani Safaa iliyozaliwa mwaka 1905 na Culture Musical Club waliendelea na vyombo vyao, lakini kijana anayetaka kula kwa taarabu mjini leo anajifunza vibonyezo.

Huku kwetu tuliona jambo lilelile kwa njia ya kanisa. Sinte iliingia Katanga kwa wingi kupitia korali, na leo ni vigumu kukuta kanisa la mtaa Likasi ambalo halina moja au haliitafuti. Ni vibaya? Kwa upande mmoja ndiyo: kuna mashine ndani yake inayopiga ngoma yenyewe, na nimeona korali zilizokuwa zinaimba kwa sauti nne bila chombo zikibaki na sauti mbili, nyingine ameachiwa sinte. Kwa upande mwingine nimeona msichana wa miaka kumi na mitano akipata akordi zote za wimbo kwa masikio tu, bila mwalimu, kwenye kinanda cha mtumba. Huyo hangepewa gitaa. Katika vijiji vyetu gitaa bado ni ya wanaume.

Na bado swali la waya halijaisha. Mwaka 1982 laini ya Inga–Shaba ilimalizika, zaidi ya kilometa 1,700 kutoka mto Kongo mpaka Kolwezi, tena kwa umeme wa moja kwa moja, ule usio na mizunguko. Kijiji hakiwezi kuchomoa tu kidogo humo njiani. Inatakiwa santrali nzima ya kuugeuza. Hammond mwenyewe angekwama: umeme wa namna hiyo hauzungushi mota ya saa yake. Huku Mwadingusha mashine sita zilifanywa upya, kazi ikamalizika mwaka 2021, megawati 78, na sehemu kubwa ya safari ya umeme huo ni ileile ya 1930, kwenda kwenye shaba. Naelewa hesabu ya shaba, nchi inaishi kwa hiyo. Lakini wakati watu wanaandika historia ya muziki wa mkoa huu, nguzo ziwekwe ndani ya hadithi.

Jambo moja la mwisho, kwa wale wenye sinte nyumbani. Tangu 1991 kampuni za dunia zilikubaliana orodha moja ya sauti 128, General MIDI. Bonyeza namba 17. Utasikia kinanda cha Hammond, na katika sinte nyingi hata ule mtetemo wa bafle inayozunguka wameuigiza, wakati ndani hakuna gurudumu hata moja. Korali ya kijiji kimoja ninakofundisha kilimo cha mpunga, upande wa ziwa, wanaipenda namba hiyo kuliko zote, kwa nyimbo za matoleo. Sinte yao inakula batri sita kubwa. Wanazitoa kila Jumapili baada ya misa, wanazifunga ndani ya mfuko wa plastiki, mweka hazina anaenda nazo kwake, asije mtu akazichukua kwa redio. Kutoka mlango wa kanisa unaona nyaya.